Kidole cha delko

Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hawangoji mtu. Wakitoka ziwani upande wa Katana alfajiri, ikifika saa sita mchana mteja wa Bukavu ameanza kukunja pua. Ndiyo maana asubuhi ile ya Julai 2016, gari lilipozimika karibu na Mudaka, sikuwaza moteri kwanza. Niliwaza mabeseni manne yaliyokuwa nyuma.

Lilizimika kimya. Hakuna moshi wala mgongano. Nilikuwa naenda polepole nyuma ya lori, mara usukani ukawa mzito na taa nyekundu zikawaka zote. Nikapiga demareri, ile mashine ndogo ya kuamsha moteri. Ikazunguka upesi, laini, kama cherehani isiyo na kitambaa. Leo ningeijua maana ya sauti ile. Siku ile nilirudia mara sita.

Mabeseni yalipanda pikipiki mbili kwenda kwa dada yangu, soko la Kadutu. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka gereji moja ya mjini. Kijana wa pale alifungua kapoti, akaniambia nipige demareri, akasikiliza, akafunga.

"Mama, kuruwa ya distribisyo imekatika. Masupapu yote yamegonga pistoni yakajikunja. Hapa ni kununua kilasi ingine tu."

Kuruwa hiyo ni mkanda unaozifanya supapu, vilango vya hewa na moshi, ziende sawa na pistoni; kilasi ni kichwa cha moteri kinachozibeba. Dola 700. Aliitaja kama bei ya fungu la nyanya, na hakuwa amefungua hata bolti moja. Nilimwamini. Jirani yetu kuruwa ilimkatikia kwenye jipu ya dizeli, na supapu zake niliziona kwa macho yangu, zimepinda kama misumari iliyogoma kuingia kwenye mti. Mtaji wangu wote haukufika 700.

Baba mdogo ndiye aliyekataa. "Usitoe hata franka. Lipelekwe kwanza kwa mzee fundi wa Panzi."

Mzee aliuliza swali moja tu: lilipiga kelele kabla ya kuzima? Hapana. Akachukua kitambaa, akafuta vumbi, akasoma maandishi: 3S-FE. Ni RAV4 ya zamani ile, ya petroli.

"Binti yangu, kwa moteri hii kuna nafasi. Kuruwa ikikatika, supapu iliyobaki wazi pistoni haiifikii. Ingekuwa 3S-GE, ndugu yake wa mbio, au dizeli, ningekuambia pole. Dizeli pistoni inapanda mpaka inakaribia kugusa kilasi, supapu ikimbilie wapi? Lakini tusikae na maneno. Tuone."

Alifungua kofia ya delko, akaniita nisogee. Ndani kuna kidole kidogo kinachogawa moto kwa bugi, zile zinazowasha petroli, na kinazungushwa na shafti ya kamu, ile ile inayofungua supapu. Mwanafunzi wake akapiga demareri. Moteri ikazunguka, kidole hakikutikisika: kamu haizunguki, basi kuruwa imekatika. Sijawahi kuona kitu kidogo kiasi kile kikisema mambo mengi hivyo.

Kuruwa ilitoka imekatika, nyuzi zimechanuka, na juu yake madoa mekundu ya maji ya rejeta yaliyokauka. Pompa ya maji ya moteri hii inazungushwa na kuruwa hiyo hiyo. Ilikuwa inavuja, na beringi yake inacheza. Mzee akauliza kuruwa ilibadilishwa lini. Gari nililinunua likiwa na kilomita 180,000, na sikuwahi kuuliza. Hizi zinatakiwa kubadilishwa kwenye 100,000. Akanitazama, hakusema kitu. Afadhali angenikaripia.

Siku ya pili alifunga pompa mpya, galeti ya kukaza kuruwa, na kuruwa yenyewe, alama juu ya alama, kisha akazungusha moteri kwa mkono, spana kwenye puli ya chini, mizunguko miwili mizima. Haikukwama popote. Akang'oa bugi zote nne, akaingiza kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa na pistoni, mimi nikakanyaga mafuta mpaka chini huku mwanafunzi akizungusha ufunguo. Baa 12. Tena 12. Halafu 11.5, moyo ukaruka, lakini mzee akacheka: ya mwisho 12. Supapu zote nzima.

Nilimuuliza kwa nini hakupima jana yake. Akasema bila kuruwa baadhi ya supapu zinabaki wazi, hewa inatoroka, mshale unalala chini hata kwenye moteri nzima. Yule kijana angepima, angepata sifuri, na angekuwa na ushahidi.

Dola 110 kwa vyote. Sambaza dada aliwauza bei ya kutupa.

Nilipokwenda kuchukua kamba niliyoisahau kwenye gereji ya kwanza, kijana alidai dola 10 za kuliangalia gari. Nikampa 5. Kuhusu kuruwa kukatika, hakukosea.