Bomba la chini ya turbo kwenye Fuso ya zamani

Kama una Fuso ya zamani yenye injini ya 6D16 ya turbo basi lile bomba unalijua, linatoka kwenye mdomo wa turbo, linakata kona na kushuka kuelekea kwenye valvu ya eksozi breki. Ni bomba fupi tu na flenji yake, ule mdomo bapa wenye matundu ya kufungia, ina nati chache, lakini likishaachia, kulirudisha ni kazi inayoweza kumla fundi siku nzima na jioni likawa bado linapuliza. Ndo maana barabara ya Mafinga kwenda Dar unakutana na gari kibao zinatembea hivyohivyo, kila dereva akikanyaga mafuta inapiga tsss tsss, na ukimuuliza mwenyewe anakwambia hiyo ni sauti tu, injini iko vizuri. Jamani sio sauti tu, na naandika hii kwasababu naona watu wanabahatisha maisha kwa kitu kinachotengenezeka.

Kwanza tuelewane moshi unavujia wapi. Ukivujia kwa juu, pale manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi wa injini, inapokutana na turbo, gari inakosa nguvu waziwazi sababu ule moshi ndo unaosukuma feni ya ndani, sasa ukitorokea pembeni turbo haizunguki inavyotakiwa, hewa inayoingia kwenye injini inapungua wakati dizeli inaingia ileile, unapata moshi mweusi na gari inalia kwenye kilima kidogo tu. Hiyo kila mtu anaitengeneza haraka maana inauma mfukoni. Ukivujia kwa chini, baada ya turbo, nguvu haipungui sana na hapo ndo watu wanapuuzia. Lakini kumbuka eksozi breki inafanyaje kazi, ile valvu inaziba njia ya moshi, presha inarudi nyuma hadi kwenye pistoni na injini yenyewe ndo inaishika gari bila wewe kugusa breki ya mguu. Flenji ikiwa wazi kabla ya valvu presha inatorokea hapo. Unavuta eksozi breki, gari inaendelea kushuka. Sasa umepakia mbao Mafinga, umeshaiacha Ilula, unaanza kuteremka Kitonga na zile kona zake, huna kingine cha kutegemea zaidi ya breki za tairi ambazo zikishapata moto hazishiki tena.

Alafu kuna utingo. Huyu kijana analala humohumo kwenye kabini, usiku mkisimama injini inaachwa inaunguruma ili umeme usiishe au ili mpate joto kule Makambako, na moshi unapanda kutokea chini ya kabini. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukiinua kabini ukaona blok, yaani mwili wa injini, imepakwa masizi meusi kuizunguka flenji, ujue masizi hayohayo na yeye anayavuta.

Sasa kwanini ni ngumu. Turbo imekaa kati ya injini na chesisi, kabini ukiinua unaiona kwa juu vizuri, lakini nati ya upande wa blok huioni, unaisikia kwa vidole tu. Mkono ukiingia tochi haina pa kupita, tochi ikiingia mkono hauna pa kupita. Ringi spana ya kawaida inagonga chuma kabla haijageuka hata robo. Mafundi wanaozijua hizi gari wana spana yao maalum, wameichoma moto wakaikunja shingo na kuikata mkia, inakaa kwenye boksi peke yake na haiazimwi mtu. Ukimwona fundi anayo hiyo tulia, umefika.

Kabla hata ya kugusa nati uliza studi, zile bolti zisizo na kichwa zinazoshika flenji, zilikatika kwanini, hapa ndo wengi wanaruka. Studi nzima haikatiki yenyewe. Injini inacheza juu ya maunting zake za mpira, chesisi haichezi hivyo, na bomba la eksozi limeshikwa na vyote viwili. Maunting zikichoka injini inayumba zaidi, fleksi, kile kipande cha bomba kinachopinda, ikikakamaa kwa kutu haimezi tena ule mtikisiko, hanga, yaani kishikio, la sailensa likikatika uzito wote wa bomba unaninginia kwenye flenji ya turbo. Kwahiyo unaweza kuweka studi mpya za bei mbaya, ukaweka na gasketi orijino, na kama hanga bado limefungwa na waya kule nyuma zitakatika tena.

Kulitoa bomba lenyewe ni uvumilivu. Piga mafuta ya kulegeza kutu jana yake, sio dakika tano kabla. Nati ikigoma usiivunje, ipashe moto kwa gesi hadi ianze kuwa nyekundu, iache ipoe kidogo kisha ijaribu kukaza nusu nywele ndo uifungue. Studi ikikatikia ndani njia inayonipa amani ni kuchomelea nati juu ya kile kipande kilichobaki, ule moto wenyewe unasaidia kuilegeza na unapata pa kushikia spana. Ila hapo kuna masharti na fundi welding msimamie. Betri itolewe terminali. Waya wa athi ubanwe karibu kabisa na pale anapochomea, sio kule kwenye chesisi, maana umeme ukipita kwenye shafti ya turbo unaharibu bearing zake, na ile shafti inazunguka maelfu kwa maelfu kwa dakika haivumilii hata kovu dogo. Mdomo wa turbo uzibwe na kitambaa safi cheche zisiingie, na kitambaa kiwe kikubwa mkia wake uning'inie nje uonekane, kisisahaulike ndani. Na asiguse mwili wenyewe wa turbo kwa moto wa welding, ile ni chuma cha kumimina, inapasuka ikipoa.

Kurudisha ndo kwenye kiini cha yote ninayotaka kusema. Bomba lazima lije kwenye flenji lenyewe. Niliwahi kushika tochi kwenye gereji moja Makambako, kijana yuko chini ameweka jeki ya chupa chini ya bomba analisukuma lipande likutane na studi, limebaki kama upana wa kidole, anapampu, na kweli matundu yakakaa kwenye studi akaanza kufunga kwa furaha. Mzee mwenye gereji akaja akaangalia, hakupiga kelele, akamwambia, "Mdogo wangu, toa jeki uone." Kijana akaitoa. Bomba likashuka likavuta flenji upande mmoja, uwazi ukaonekana kwa macho, na nati moja ilikuwa tayari imeshaanza kuharibu nyuzi za studi mpya. Mzee akasema, "Hapo hujafunga bomba, umefunga ugomvi." Wakalegeza kila kitu mpaka hanga la mwisho.

Na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Legeza valvu ya eksozi breki, legeza fleksi, legeza mahanga yote hadi bomba zima linaning'inia na unaweza kulisogeza kwa mkono mmoja. Futa nyuso za flenji masizi yote, weka rula ya chuma juu yake na tochi nyuma yake, mwanga ukipenya katikati flenji imepinda, ipelekwe ikasawazishwe kwanza la sivyo gasketi yoyote utakayoweka itaungua. Paka studi grisi ya shaba kidogo. Anza na ile nati usiyoiona, sio ile rahisi, kwasababu ukifunga rahisi kwanza bomba linalala upande wake na ile ya nyuma hutaipata tena. Nati ibandike kwenye ncha ya kidole kwa grisi, ipeleke taratibu, igeuze kinyume kwanza hadi usikie kama inadondoka kidogo, hapo nyuzi zimekutana, ndo uanze kukaza kwa vidole. Ikiwa ngumu kwa vidole rudi nyuma, imekaa mshazari. Zote zikishaingia kwa vidole ndo spana, unazunguka kidogo kidogo kwa kupishana, flenji ikae sawa. Kisha valvu, kisha fleksi, na mahanga ndo ya mwisho kabisa. Turbo kwanza, sailensa mwisho, bila kuruka.

Gasketi iwe ya chuma. Naomba sana muache ile silikoni nyekundu ya kwenye tyubu, fundi anaipaka nene siku ya kwanza iko kimya kweli, lakini gari ikipanda kilima na mzigo joto la moshi linapita kabisa uwezo wake, inageuka vumbi na flenji inabaki na nafasi. Nati za shaba au zilizopakwa shaba tafuta, kule Gerezani, Dar, zinapatikana na hazigandi na studi, mwenzako atakayefungua baada yako atakushukuru. Nati za kawaida za chuma kwenye joto lile zinakuwa kitu kimoja na studi na unarudi kwenye habari ya gesi na welding.

Kupima iwashe ikiwa baridi, mtu mmoja azibe kidogo mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara nene lililolowa, mwingine apulizie maji ya sabuni pale kwenye flenji. Povu likitokea bado. Ifanyeni haraka kabla chuma hakijapata moto. Baada ya hapo peleka gari safari fupi na mzigo, ikirudi iache ipoe kabisa, usiku mzima ikiwezekana, ndo uinue kabini urudie kukaza kila nati, maana gasketi mpya inakaa ikishapata joto na nati zinalegea kiasi, hata kama zilikazwa vizuri. Fundi wengi hawakwambii hii sababu gari imeshaondoka gereji, kwahiyo mkubaliane bei kabisa kwamba kurudia kukaza kumo ndani, na kama safari inaanza kabla hajarudia, dereva abebe ile spana fupi na gasketi moja ya akiba.