Hesabu ya Baba

Kilindoni, Mafia. Jumamosi usiku.

Marehemu baba alikuwa mvuvi hapa kabla hajahamia Temeke. Tulipokuwa wadogo, umeme ukikatika, alitusimulia habari za potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, aliyepita chini ya ngalawa yake. "Kichwa kilipotokea nikaanza kuhesabu. Nimefika kumi na mbili ndipo mkia unapita." Nilipofika darasa la tano nikaacha kumwamini. Samaki gani huyo wa kuhesabiwa hadi kumi na mbili?

Jana nilivuka kwa boti kutoka Nyamisati, na leo saa moja asubuhi nilikuwa baharini. Ni Novemba, msimu wa potwe huu: kusi imelala, kaskazi haijashika, bahari imetulia kama maji ya mtungini. Msaidizi wa nahodha alisimama omo, mbele ya mashua, akitazama, nasi abiria watano tukitazama anakotazama yeye. Mwendo wa saa mbili, hatukuona kitu. Kila kivuli cha wingu nilikidhania potwe.

Nahodha akatueleza kwamba potwe hufuata uduvi na dagaa. Uduvi wakizama, naye huzama. Wataalamu waliwafunga vifaa vya kufuatilia nyendo zao wakakuta wengi hawahami Mafia mwaka mzima, ila miezi mingine hukaa mbali kidogo na ufuko, chini zaidi, wasikoonekana. Hilo lilinigusa. Miaka yote nilidhani ni wapita njia, kumbe ni wenyeji wa hapa kama bibi zangu.

Tukageuza kurudi. Gati la Kilindoni lilikuwa limeshaonekana tulipowakuta wavuvi wa dagaa wakivuta wavu. Wakatupungia tuzime mashine. Ndani ya wavu, katikati ya dagaa wanaorukaruka, potwe alikuwa amesimama wima, mdomo juu, akiufungua na kuufumba. Beseni la kufulia lingeingia mle. Maji yalikuwa yanaingia kwa mlio wa mtu anayefyonza uji wa moto kikombeni. Kenya wanamwita papa shilingi, wanasema Mungu alimrushia shilingi mgongoni, na nilipoona jua likicheza kwenye yale madoa meupe nikaona jina limemfaa.

Mzee mmoja akaamuru upande mmoja wa wavu ushushwe. Potwe akatoka, na dagaa wengi wakatoka naye. Nilimuuliza kama haimuumi kupoteza kiasi kile.

"Mwanangu, huyu ndiye anayetuonyesha dagaa walipo. Tukimuua, kesho tutamfuata nani?"

Nilikuwa nimeinama ubavuni mwa mashua, nimeshika ukingo, kile kichwa kipana bapa kilipotokea chini yetu, hata mita mbili hazifiki. Nikajikuta nahesabu. Moja, jicho dogo sana kwa mwili ule. Mbili, mianya mitano ya matamvua, mirefu, inafunguka taratibu. Tatu, chazo wawili, wale samaki wa kujibandika, wameng'ang'ania ubavuni. Nne, pezi la mgongoni, na hapo moyo ukanishuka: ncha ilikuwa imekatwa, kovu jeupe lililonyooka. "Pangaboi la boti hilo," nahodha akasema kwa sauti ya chini. Mnyama mpole vile, hana haraka na mtu, nasi tunampitia juu kwa mashine za nguvu eti tunawahi. Iliniuma, bado inaniuma ninapoandika. Tano, sita, madoa tu, safu kwa safu. Saba, mkia, unapepea polepole kama pazia. Kisha bahari ikawa bluu tupu.

Nahodha alimkadiria mita 6. Wengi wa hapa, alisema, ni madume ambayo hayajapevuka. Potwe aliyekomaa huweza kuvuka mita 12. Nikapiga hesabu pale pale. Mita 6, saba. Mita 12, kumi na nne. Wa baba alikuwa katikati ya hizo, na wala hakutia chumvi. Nikakaa chini, mle mle ndani ya mashua, nikalia. Wenzangu wakadhani ni kichefuchefu, wakanipa maji.

Jioni nimempigia mama. Hata sijamaliza kusimulia, akaniuliza, "Ulifika ngapi?"

"Saba."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake kwa mbali.

"Yeye alisema kumi na mbili."

"Ndiyo, mama. Wa kwake alikuwa mkubwa."