Ngozi ya maji ya nazi: kipande cha tano hakinati!

Hatimaye. Ngozi hii si ya mnyama: ni utando wa nyuzi ambao bakteria wanaufuma juu ya maji ya nazi yenye sukari, nami naukausha. Kipande cha tano kina siku tisa kinaning'inia ukutani, na masika haya ya Tanga, na nikikishika hakinati. Vinne vilivyotangulia viliishia jalalani, kimojawapo nilikitupa kwa hasira hata hakijakauka.

Kuotesha utando hakunisumbui tena. Jirani yangu mama lishe anakuna nazi kila asubuhi, na maji yake alikuwa akiyamwaga mtaroni. Sasa ananiwekea kwenye ndoo. Nachemsha, sukari gramu 80 kwa lita, siki mpaka pH (kipimo cha uchachu) ifike 4 na kitu, yakipoa natia mama, yaani mbegu ya bakteria, kutoka beseni la zamani. Kitambaa juu, uvunguni, wiki mbili, utando unafika sentimita moja. Ila mkono usiwashe: ukilitikisa beseni utando unazama, bakteria wanaanza mwingine juu, na unaishia kuvuna matabaka yanayobanduka kama kitunguu.

Balaa ni kukausha. Utando mbichi karibu wote ni maji, sentimita nzima inanywea ikawa kama karatasi ya daftari. Cha kwanza kilivunjika kama chapati ya juzi. Nikatia gliserini. Cha pili kikalainika vizuri, mvua zilipoanza kikatoka jasho na kunata. Nikapunguza gliserini nusu. Kinanata. Nikapunguza tena. Kinanata vilevile! Miezi miwili naisingizia gliserini, kwa kuwa kweli inavuta unyevu wa hewani.

Walionifumbua macho ni sisimizi. Asubuhi moja nawakuta wamejipanga juu ya kipande cha nne, wamejazana katikati kwenye unene, pembeni hakuna hata mmoja. Nikachukua kijipande cha utando wa beseni lilelile, nikakikausha bila tone la gliserini. Kikawa cha kahawia, na kinanata. Sukari! Mimi nilikuwa nasuuza bombani dakika mbili, kumbe sukari na asidi zimejificha ndani kabisa ya nyuzi.

Cha tano nimekiloweka siku nne, maji nabadilisha asubuhi na jioni, nikakichemsha nusu saa, nikakiloweka tena mpaka maji nikiyaonja hayana uchachu. (Ndiyo, nimeyaonja.) Ndipo gliserini kidogo, plaiwudi, na feni. Jua silitaki, linakunja kingo wakati katikati bado ni bwawa. Mwisho nikapaka nta iliyoyeyushwa na mafuta ya nazi.

Na sufuria ya alumini msiitumie kwa kazi hii, asidi inaila. Kipima pH cha betri nilichojinyima nikakinunua kilikufa mwezi wa kwanza. Karatasi za kuchovya hazijawahi kuniangusha.

Mpango ulikuwa pochi. Uzi wa fundi viatu ninao, sindano ninayo. Lakini zile kingo nilizopunguza kwenye cha tano nilizikausha bila gliserini, na juzi umeme ulipokatika nikamulika tochi nyuma ya mojawapo. Jamani! Mwanga unapita wa rangi ya asali, na mishipa ya nyuzi unaiona. Pochi itasubiri. Nataka kivuli cha taa, fremu ya fito, utando mmoja mkubwa usio na kiungo, na beseni nililonalo ni dogo.

Nimelichukua la kufulia la dada. Bado hajaulizia liko wapi.