Paa linalovuja: kabla kundi la kanisa halijapanda ngazi

Wahudumu wa kujitolea wakifika kwa mjane ambaye paa lake linavuja, wengi hukimbilia kupaka lami juu ya doa lililo darini. Kazi bure. Maji huingia juu zaidi, yakafuata papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, ndipo yakadondoka. Mmoja abaki ndani na tochi, mwingine amwage maji juu ya paa kidogo kidogo, akianzia chini kupanda.

Mara nyingi mkosaji ni msumari: umepigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo, au mpira wake umekauka ukapasuka. Ung'oe, lakini usirudishie wa unene uleule kwenye tundu hilohilo, maana mbao imeshalegea. Weka skrubu nene zaidi yenye mpira, uikaze mpaka mpira ubonyee tu; ukizidisha, unachanika. Bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 15, paa lenye mteremko mdogo 20. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, palipo na papi.

Sala ni kabla ya ngazi. Na mwenye nyumba aulizwe mapema: huenda kinachomnyima usingizi ni mlango usiofungika.