Monita yangu ya kichogo ilipopoteza weusi wake

Usiku mmoja nilizima taa ya chumbani nikafungua mchezo wenye anga la usiku, nikakuta anga si jeusi tena. Lilikuwa kijivu kama majivu yaliyolowa, na nilipokaza macho nikaona vimistari vyembamba vyeupe vimelala kwa mshazari, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nikapunguza mwanga kwa vitufe vya mbele mpaka sifuri. Kijivu kilekile.

Monita yenyewe ni ya inchi 22, ya mwaka 2002, kilo 30 na ushee. Ni ya ile aina yenye nyaya nyembamba zilizosimama wima nyuma ya kioo badala ya bati la vitundu, teknolojia ambayo Sony waliileta mwaka 1968 kwa jina la Trinitron, na baadaye Mitsubishi wakatoa ya kwao, Diamondtron. Enzi zake zilikuwa mali ya wahariri wa picha na wahandisi. Mimi niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama ofisi, akanishukuru kwa kumpunguzia mzigo. (Ukibeba kitu kama hiki, kioo kielekee kifuani. Uzito wote uko mbele. Ukikumbatia kichogo kitakuvuta mpaka chini.)

Fundi niliyemwita aliitazama kwa dakika mbili akasema, "Bosi, tyubu imechoka hiyo. Chukua flati upumzike." Ningemsikiliza, ila kitu kimoja kilinikatalia: tyubu (chupa ya kioo inayotengeneza picha) ikichoka hufifia. Yangu ilikuwa inang'aa kupita kiasi.

Nikaanza kusoma. Kwenye shingo ya tyubu kuna kipande kiitwacho G2, kinachosaidia kuvuta elektroni kuelekea kwenye kioo. Vipuri vikizeeka, volti yake inaweza kupanda kidogo kidogo kwa miaka, mpaka elektroni zinatoka hata pale kompyuta inapoagiza giza tupu. Vile vimistari vya mshazari ni njia ya mwale unaporudi juu kuanza picha mpya. Siku zote hupita hapo, ila haupaswi kuonekana.

Monita nyingi za zamani zina kitufe cha kuzungusha kwenye flaibaki (kipuri kinachozalisha volti kubwa), kimeandikwa SCREEN, nawe unakipunguza kwa bisibisi ya plastiki. Nilishukuru kwamba yangu haina. Kwenye tyubu ya ukubwa huu kuna volti zaidi ya 20,000, na chaji inaweza kubaki humo hata ukishachomoa waya ukutani. Yangu huhifadhi vipimo vyake kwenye chipu, na hufikiwa kwa waya maalumu unaounganisha kompyuta na tundu dogo la mafundi.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kunakili vipimo vyote vya zamani na kuviweka mahali pawili. La pili lilikuwa kosa: nilirekebisha dakika kumi tu baada ya kuwasha. Kesho yake, ilipopata moto sawasawa, weusi ulikuwa umehama tena. Nikarudia, safari hii baada ya kuiacha ikiwaka saa nzima, chumba kikiwa giza na macho yamezoea. G2 ilikuwa 171. Nikashuka tano tano. Kwenye 151 vimistari vikatoweka, kwenye 146 kingo za picha zikamezwa na giza la chumba. Nikapata tamaa nikaenda 138, na hapo shati la bluu iliyokolea kwenye picha yangu ya majaribio likageuka shimo jeusi, bila mkunjo wala kifungo. Nikarudi 145, vifungo vikaonekana. Nikaacha hapo.

Ungedhani baada ya ushindi huo ningetulia. Wiki iliyofuata nikapulizia kioo dawa ya kusafishia madirisha. Juu ya kioo kuna utando mwembamba wa kuzuia mng'ao, na ile dawa ikautafuna, ikaacha doa la ukubwa wa kiganja upande wa kushoto. Monita ikizimwa linaonekana kama mafuta. Sasa natumia kitambaa laini na maji yaliyochujwa tu, na maji yanaingia kwenye kitambaa, si kwenye kioo.

Shida iliyobaki ilikuwa kuipa picha. Monita hii inapokea mawimbi ya analogi, na kadi za picha za kompyuta za siku hizi haziyatoi, kwa hiyo inahitajika adapta ya kuyabadilisha. NVIDIA waliliacha jambo hilo walipotoa GeForce GTX 1080 mwaka 2016. Adapta yangu ya kwanza ilifika nukta 1600 kwa 1200 kwa hezi 60 tu (yaani picha kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde), na kwa hezi 60 monita ya kichogo inapepesa mpaka kichwa kinauma. Kwa hezi 85 inahitajika adapta inayomudu kasi ya kupitisha nukta (pixel clock) ya takribani megahezi 230. Angalia namba hiyo kabla ya kununua, maana maneno ya kwenye boksi hayasemi kitu. Niliponunua iliyo sahihi, maandishi yakatulia kama yamechapwa.

Spika nazo nilizisogeza mbali, kwa sababu sumaku zake zilikuwa zimepaka kona moja rangi ya zambarau. Nikabonyeza kitufe cha kuondoa usumaku, ikalia "duum", picha ikatetemeka, kona ikasafika.

Wageni wakiiona huwa hawaulizi kuhusu weusi. Huinama karibu, wakanionyesha kwa kidole vivuli viwili vyembamba kama unywele vinavyokatiza kioo, kimoja juu na kimoja chini. "Imepasuka hapa?" Hapana, ni nyaya mbili za kuzishika zile za wima zisicheze. Ziko hapo tangu ilipotoka kiwandani. Na tafadhali, toa kidole kwenye kioo.