Namba za saratani ya umio
Kazi yangu ni kuingiza taarifa za wagonjwa kwenye rejista ya saratani, magharibi mwa Kenya. Umri, kijiji, kiungo kilichoanza kuugua, tarehe ya kipimo. Ukishinda na mafaili haya, saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, haikuishii. Daktari kaandika "chakula kinakwama", ukitazama umri, miaka 30 na kitu! Ulaya huu ni ugonjwa wa wazee zaidi.

Tumo kwenye ukanda wenye saratani hii kwa wingi, unaoanzia Ethiopia, ukapita kwetu, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Afrika Magharibi ni nadra. Watafiti wanashuku pombe, tumbaku, moshi wa kuni, na chai ya moto. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Ni joto lenyewe, si majani ya chai. (Ofisini bado tunainywa ikifuka mvuke, tuacheni.)

Kinachoniudhi ni watu kuona jumla ya wagonjwa imepanda, wakakimbilia kulaumu chanjo. Jamani, hospitali ikipata mashine ya endoskopia (kamera ya kuchungulia ndani ya umio), waliokuwa wakifia nyumbani bila kujulikana wanaugua nini sasa wanahesabiwa. Na watu wameongezeka pia. Tazameni kiwango kwa kila watu 100,000, umri ukiwa umezingatiwa, ndipo mlinganishe kaunti na kaunti.

Na wenzangu wa wodini, naomba mjaze sehemu ya kijiji. "Kijijini" si jina la kijiji.