Ndimu yangu imeliwa na viwavi na nimewaachia tu

Nyuma ya nyumba yetu hapa Donholm, Nairobi, kuna kabustani, kadogo, ukitoka mlango wa jikoni ukihesabu hatua saba umefika ukutani. Mti mmoja wa ndimu, sukuma kwa magunia, mishubiri mitatu na bogenvilia ya jirani inayotuangukia upande huu. Basi. Lakini nimekaa pale na chai kila Jumamosi karibu miaka mitatu sasa na bado naona vitu sijawahi kuona.

Kama kuna mtu hajawahi kuangalia kiwavi wa ndimu kwa karibu, aangalie. Mama yake ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, hatulii huyo, hata akinyonya ua mabawa yanaendelea kupiga. Akija kwa ndimu anashika jani, anakunja tumbo, anaacha yai moja, anahamia jani lingine. Kiwavi akitoka ni kadogo keusi kenye bato jeupe, utaapa ni kinyesi cha ndege kimedondoka hapo, na ndiyo kinga yake, maana ndege gani atataka kula hiyo? Akishanenepa anajivua ngozi anakuwa kijani kama jani lenyewe. Sasa mguse kidogo na kijiti, nyuma ya kichwa zinachomoka pembe mbili laini zimelowa, rangi ya machungwa, na harufu kali inakupiga puani. Siku ya kwanza binti yangu alipoona alipiga nduru, "Mami, ako na pembe!" na tangu hapo kila akitoka shule anapitia kwa ndimu kwanza, hata yunifomu hajavua.

Mwanzoni nilikuwa nawaua. Nikiona majani yametobolewa nakimbia dukani kwa wauza dawa za mimea, nikaambiwa nipulize kila wiki mbili, nikapuliza kweli. Wakati huohuo chozi alikuwa amejenga kwa bogenvilia. Chozi ni yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, dume anang'aa kijani na buluu kama amepakwa mafuta, jike ni wa rangi ya vumbi tu lakini kazi ya kujenga ni yake, kiota kinaning'inia kama soksi, kimeshonwa na utando wa buibui. Watu wanajua chozi anakunywa utamu wa maua, na ni kweli, asubuhi hatoki kwa mishubiri, lakini vifaranga wanalishwa wadudu, buibui wadogo na viwavi laini. Mimi nimepuliza dawa, chini ya ndimu kumejaa wadudu wamekufa, na yule mama anakuja anazunguka matawi, anarudi mdomo mtupu, anakuja tena. Wiki ileile kiota kikanyamaza. Iliniuma sana, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Ile chupa nikairudisha dukani imebaki nusu na sijanunua nyingine.

Rafiki yangu mmoja ndiye alinipeleka matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi, yale ya Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, yanayoanzia pale makumbusho, Fleur Ng'weno aliyaanzisha 1971 na yanaendelea mpaka sasa. Huko ndiko nilijifunza kwamba Nairobi imehesabiwa zaidi ya aina 600 za ndege, mji huu wetu wa matatu na moshi, na nikarudi nyumbani nikaanza kuangalia ukuta wangu kwa macho mengine. Hadada nilikuwa namjua, nani hamjui, saa kumi na mbili kasoro keshaamsha mtaa mzima. Wale wa mkia mrefu kama panya wanaotembea kwa kundi wakimaliza mapapai ni pasa. Yule mweusi na manjano asiyeogopa mtu, anaokota makombo hadi mlangoni, ni kwera.

Ndimu sasa imebaki na majani ya kuhesabika upande wa chini, lakini juu inachipua vizuri na matunda iko nayo, wiki iliyopita nimempa jirani mfuko. Viwavi wenyewe si wote wanafika, kwera anachukua, ndege mwingine anayeitwa shore anachukua, na mimi siingilii.

Mmoja amefika. Alijifunga kwa uzi mmoja kiunoni kwenye fremu ya dirisha la jikoni, akakauka akawa kama kijiti, tukangoja zaidi ya wiki mbili, na leo saa mbili asubuhi ngozi ikapasuka. Alitoka amekunjamana kabisa, mabawa kama karatasi iliyofinywa mkononi, akaning'inia kichwa juu na mabawa yakaanza kujaa polepole, manjano yakaonekana, halafu lile doa jekundu la chini. Chai yangu ilipoa. Binti yangu amekaa chini kwa saruji na nguo ya kulalia, amekataa kuingia ndani kunywa uji, ananiambia kwa sauti ya chini, "Mami usipumue sana."